Mbuzi Aliyerudishwa na Kamba Yake

Asanteni, asanteni. Huyo anayeshughulika na spika apunguze kidogo. Sauti yangu imezoea kushindana na mashine ya kukoroga simiti, na hapo mbele naona mtoto amelala. Haya. Nyuma mnanisikia? Vizuri.

Ndugu zangu wa chama hiki cha akiba na mikopo, katibu aliponiomba nisimame leo nitoe ushuhuda, nilimwuliza, "Ushuhuda wa nini, na mimi si mgonjwa wala sijarudi kutoka safari?" Akaniambia, "Simulia ile ya mbuzi." Naona wengine wameanza kucheka. Nyinyi mnaoijua mtulie, msiwamalizie wenzenu. Na jina la mtu sitataja. Wengine wa hadithi hii wako humu ndani, wamenyoa ndevu na kuvaa tai, kwa hivyo msigeuze shingo kuwatafuta.

Kwa wale wageni, mimi ni mkandarasi. Nilizaliwa Mweiga, kule ambako baridi ya Aberdare huingia mpaka ndani ya soksi, na nimejenga kutoka huko hadi Kerugoya: nyumba, mabweni, vyoo vya shule, na ukumbi mmoja wa kanisa ambao paa lake halijavuja mpaka leo. Mkitaka nendeni mkaangalie. Nilipoanza, watu walikuwa wakifika kwenye mjengo wanapita mbele yangu na kumwuliza fundi wangu, "Mkandarasi ako wapi?" Siku hizi wananisalimia mimi kwanza. Sikufika hapo kwa kubembeleza mtu.

Sasa, wajenzi wenzangu mnaijua kazi ya bei moja. Mwenye jengo anakuonyesha ramani, unapiga hesabu yako, mnakubaliana bei, unajenga mpaka unampa funguo. Mawe yakipanda bei, ni shauri yako. Mafuta ya lori yakipanda, ni shauri yako. Humrudii mwenye jengo ukilia. Kazi hiyo naipenda kwa sababu inataka mtu mwenye kifua. Lakini kuna swali moja ambalo hatukuwa tunaliuliza. Kazi ikitokea rahisi kuliko tulivyodhani, kile kinachobaki ni cha nani? Nawaambia, swali hilo lilinimaliza. Lilinitoa kwenye mjengo likanipeleka kuuza viazi.

Ilikuwa hivi. Kikundi cha wakulima wa viazi, huko kwetu Mweiga, kilitaka ghala. Walikuwa wamechoka kuuza kwa madalali shambani kwa bei ya kutupa kwa sababu hawana pa kuweka mavuno. Ghala likiwepo, wangengoja bei ipande. Wakachanga, wakaunda kamati, na kamati ikanipa kazi kwa bei moja. Nilifurahi. Nikachukua mkopo hapa kwenye chama chetu, nikaweka mashine yangu ya kukoroga kama dhamana, tukaanza.

Kwenye hesabu yangu nilikuwa nimeweka lori nyingi sana za mawe ya kujaza chini ya sakafu, maana lile shamba limeinama na machimbo ya mawe yako mbali. Tulipochimba msingi upande wa juu, tukakuta mwamba. Mtu mwingine angelia. Mimi niliinama nikauangalia ule mwamba, nikaona ya kwamba ukipigwa vizuri unapasuka. Nikajiambia, kwa nini nilipe lori zilete mawe ambayo tayari tumesimama juu yake?

Nikaita watu wangu. Nilikuwa na kikosi kizuri, watu wa kufanya kazi na kuimba. Nikawaambia, "Tukiuvunja huu mwamba wenyewe kwa nyundo, tunasahau habari ya lori. Ni kazi ngumu, haikuwa kwa mapatano yetu. Lakini kukibaki kitu, tutagawana." Wakasema sawa. Wakavunja. Mikono ilitoka malengelenge, mmoja akaumizwa na kipande cha jiwe hapa juu ya jicho, na hawakulalamika. Sakafu ikajaa mawe ya pale pale, na lori hata moja haikupanda ule mlima. Nikawa natembea nimenyoosha shingo, maana wazo lilikuwa langu.

Kuta zikapanda. Tukafika siku ya kupandisha mbao za paa.

Hapa lazima nieleze kwa wale ambao si watu wa mjengo. Siku ya paa, mwenye jengo huleta mbuzi. Hiyo haiandikwi kwenye mkataba, lakini usipoileta utaona mbao zinavyokuwa nzito siku hiyo. Na mbuzi wa mjengo kila mtu anajua sehemu yake. Kichwa na kwato ni za supu ya wote. Matumbo ni ya mutura, ile soseji ya nyama na damu. Mbavu ni za wale wanaobeba na kukoroga. Mguu mmoja wa nyuma msimamizi anapeleka kwake nyumbani, na mlinzi wa usiku anawekewa shingo. Hakuna anayegombana. Mimi peke yangu ndiye sikuwa na sehemu. Kikosi hakikuwa kimewahi kuongozwa na mwanamke, kwa hivyo nilikuwa nawekewa tu sahani, kama mgeni.

Basi siku hiyo kamati ikaja na mbuzi mweupe mwenye doa jeusi mgongoni, akafungwa kwenye nguzo. Msimamizi wangu, mtu ambaye nilianza naye kazi tukiwa hatuna hata ngazi yetu wenyewe, alikuwa ananoa kisu. Mzee wa kamati akasimama kuomba. Mtu mpole, mwalimu aliyestaafu, mwenye sauti ya kanisani. Akamshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru kwa kuta. Halafu akasema, na furaha usoni, "Tunashukuru pia kwa sababu jengo letu limetokea rahisi kuliko tulivyoogopa. Mawe yamepatikana hapa hapa. Kwa hivyo kamati imeketi, na pesa za zile lori tumezitoa kwa malipo yaliyobaki ya mkandarasi, zimerudi kwa wanachama. Amina."

Ndugu zangu, hakuna aliyesema amina.

Mimi ndiyo mara ya kwanza nasikia. Hawakuwa wameniita, hawakuwa wameniuliza. Lakini watu wangu hawakujua hivyo. Waligeuka wote wakaniangalia mimi. Wakadhani tumepanga pamoja. Nilifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka, mimi huyu mnayenipunguzia spika.

Msimamizi akaweka kisu chini. Akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba, akamvuta yule mbuzi mpaka mbele ya mzee, akamwekea kamba mkononi. Akasema, "Mzee, rudisha na hii pia. Pengine nayo imebaki."

Wakashuka na nyundo zao, wakaenda. Huko kwetu unaweza kumtukana mtu na mkapatana jioni. Lakini kumrudishia mtu mbuzi wake mbele ya watu, akiwa na kamba shingoni! Wale wazee walikufa na aibu, na aibu yao ikageuka hasira, na hasira ikanijia mimi.

Nikagombana na kamati. Nikawaambia bei ni bei, haishuki. Wakaniambia mawe ni ya shamba lao. Nikawaambia mawe yalikuwa hapo tangu zamani na hawakuwahi kuyaona. Wakaniambia nikiezeka watanilipa zilizobaki baada ya kukata, nisipoezeka hawalipi. Niezeke na nani? Watu wangu walikuwa wamekwenda Kerugoya kwa mkandarasi mwingine, na simu zangu hawashiki. Ghala likabaki kuta tupu, juu mawingu.

Sitawadanganya, nilianguka. Mkopo ukachelewa. Mashine yangu ikaletwa ikafungiwa nyuma ya ofisi ya hiki chama, imefunikwa nailoni, na mimi nikawa napita barabara nyingine nisiione. Nikaanza kupeleka viazi vya shamba letu Karatina sokoni. Hakuna aibu kuuza viazi, na atakayesema ipo aje tuongee nje. Lakini nilikuwa nakaa pale juu ya gunia, naangalia ukuta wa duka lililo mbele yangu, naona umejengwa vibaya, na machozi yananitoka kwa sababu siwezi kuurekebisha.

Siku moja nikaita mkokoteni unibebee magunia. Aliyekuja kuusukuma ni fundi wangu. Ndiye yule aliyeumizwa na jiwe juu ya jicho. Alama ilikuwa bado ipo. Huko Kerugoya kazi ilikuwa imepungua. Fundi ambaye akikupigia ukuta unasimama wima, sasa anasukuma viazi vyangu! Alibeba, akapakia, hakunisalimia. Alipomaliza akashika mipini, akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, ile kitu ulisema tutagawana. Ilikuwa kitu gani?"

Nikasema, "Ilikuwa…" Nikakwama.

Halafu akasukuma mkokoteni wake.

Nawaambia ukweli, sikulala vizuri kwa sababu ya lile swali. Nilikuwa nimejaza mdomo na neno "haki" miezi hiyo yote. Haki yangu, haki yangu. Lakini mimi nilikuwa nimesema "kitu", kamati haikuwa imesema lolote, na watu wangu walipiga nyundo kwa ajili ya kitu ambacho hakuna aliyekijua ukubwa wake. Mbuzi tunajua mpaka shingo ni ya nani. Hiki kingine, kikubwa kuliko mbuzi, tulikiacha kianguke chini halafu kila mtu akirukie. Hapo ndipo nikaamka. Nikasema lile ghala nitaliezeka, na nitaliezeka na watu wale wale, au niache kujiita mkandarasi.

Kabla sijafanya lolote, mzee wa kamati akanifuata mwenyewe Karatina. Mavuno yalikuwa karibu, na wanachama walikuwa wamemkalia shingoni. Akaketi kwenye gunia langu, suti na yote. Akaniambia polepole, "Mama, tusivutane. Tutakurudishia zote, zile za lori. Wewe peke yako. Tafuta vijana wengine, maliza kazi. Wale wa kwanza si walienda wenyewe?"

Jamani. Mashine yangu imefungwa. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Na huyu hapa ananiletea kila nilichokuwa nagombania, mkononi. Nilizitaka zile pesa, msidhani sikuzitaka. Niliangalia chini nikaona viatu vyake vina tope la Mweiga, tope la ule ule mlima ambao watu wangu walivunja mwamba.

Nikamwambia, "Mzee, hapana. Zikirudi kwangu peke yangu, mimi ndiye nitakuwa nimewaibia. Yule mbuzi bado yuko?"

Akashangaa. "Yuko. Nani angemla baada ya yale?"

"Basi mlete Jumamosi kwa ghala, akiwa hai. Mlete kamati yote. Mimi nitaleta watu."

Kesho yake nilikwenda Kerugoya. Msimamizi nilimkuta juu ya ukuta wa mtu mwingine, akakataa kushuka. Nikavua viatu, nikapanda ngazi na sketi yangu, nikaketi huko juu karibu naye. Nikamwambia nilichoahidiwa na nilichojibu. Akapanga mawe kama matatu hivi, halafu akasema, "Ungechukua, ningesikia." Nikamwambia, "Najua." Akasema, "Tutakuja. Lakini tukikuta maneno ya kanisani tena, tunarudi."

Jumamosi tulikutana ndani ya ghala lisilo na paa, manyunyu yanatunyeshea wote sawasawa. Yule mbuzi mweupe alikuwa amenenepa kuliko sisi sote. Nikamfunga mimi mwenyewe kwenye nguzo ile ile, nikasema, "Kisu kikae kwanza. Leo tunagawa kabla hatujachinja."

Nikaanza na maneno magumu. Niliwaambia kamati, "Nikipata simiti kwa bei nzuri, hiyo nafuu ni yangu, msiiguse. Kwa nini? Kwa sababu ikipanda, ni mimi naumia." Mweka hazina wao, mama mmoja mkali, akaniuliza, "Na simiti si ilipanda tukiwa katikati ya kuta? Ulikuja kutuomba?" Nikamjibu, "Sikuja." Akawageukia wenzake, "Hakuja. Mimi nilikuwa nangoja aje, na hakuja." Nikaona uso wa mzee unalegea kidogo.

Nikasema, "Lakini ule mwamba si simiti. Pale tulibadilisha kazi yenyewe. Kama ungekataa kupasuka, hasara ingekuwa yangu, kwa hivyo siwezi kutoka mikono mitupu. Mawe ni ya shamba lenu, hiyo ni kweli, na siku ile nilikataa kwa hasira tu. Na waliovunja ni hawa." Nikamshika yule fundi wa alama nikamleta mbele. "Sasa semeni wenyewe. Hapa kuna mtu ambaye hana sehemu?"

Tulibishana, msidhani tuliimba. Mzee mmoja wa kamati alisema wafanyakazi walishalipwa mshahara wao. Msimamizi akamwuliza, "Mshahara wa kujenga au wa kuvunja mwamba?" Mwingine akataka wapewe zawadi kidogo tu, kulingana na moyo. Nikakataa. Nikasema zawadi unampa mtu kitu chako, na hiki kwa sehemu ni chao. Manyunyu yakawa mvua. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukimbilia mti, tukasimama tukalowa.

Mwishoni ni yule mwalimu mzee aliyezungumza. Akasema, "Nimefundisha watoto hesabu ya kugawanya maisha yangu yote, na hii imenishinda kwa sababu nilitaka jibu kabla ya kuita watu darasani." Akanyoosha vidole vitatu. Sehemu moja kwa wenye shamba, moja kwa mkandarasi, moja kwa waliovunja. Akauliza, "Kuna anayekataa?"

Ndipo msimamizi akachukua kisu chake. Na kabla ya kukitia kazini, akazitaja sehemu za mbuzi kwa sauti, kama kawaida. Supu ya wote. Mbavu za wabebaji. Shingo ya mlinzi. Mguu wake yeye, akasema, siku hiyo uende kwa fundi mwenye alama. Halafu akaniangalia, akasema, "Na bega ni la mkandarasi. Kutoka leo, kila mjengo."

Nilililia lile bega, ndugu zangu. Nililipelekea watoto nyumbani likiwa limefungwa kwa gazeti, nikalichemsha na viazi ambavyo sikuwa nimeuza, na yule mdogo akaniuliza kwa nini nala nikilia. Nikamwambia ni pilipili.

Ghala likaezekwa. Viazi vikaingia kabla ya madalali, na wakulima wakauza walipotaka wao.

Nina watu wa kuwashukuru. Nashukuru hiki chama, maana kanuni zingewaruhusu kuuza mashine yangu, na mkaifunika nailoni isipate kutu mkaningoja. Nashukuru mama wa Karatina aliyenipisha kwenye nafasi yake sokoni bila kuniuliza nitakaa mpaka lini. Nashukuru mume wangu, ambaye hakuniambia hata mara moja "nilikuambia," ingawa alikuwa ameniambia. Namshukuru msimamizi wangu kwa kurudisha ile kamba. Tungemla yule mbuzi siku ile, ningekuwa bado nasema "kitu". Na namshukuru aliyeniuliza kwenye mkokoteni. Leo ana kikosi chake mwenyewe, na amechukua mkopo hapa hapa. Mpeni heshima, hata kama simtaji.

Somo langu ni fupi. Nyinyi wajenzi, na nyinyi mnaojengewa: bei moja ni nzuri, iheshimuni, ikipanda na ikishuka. Lakini kabla ya jembe la kwanza kuingia ardhini, semeni mbele ya watu wote, wabebaji wakiwemo: mtu akileta wazo likapunguza gharama, nani anapata sehemu gani. Msiseme "kitu". Msiseme "tutaonana". Na mtu asipewe kwa moyo kile ambacho amekifanyia kazi.

Wiki ijayo naanza kazi nyingine, bweni la shule, huku upande wa Karatina. Msingi bado haujachimbwa, na wenyewe wameniuliza kwa nini nataka mbuzi mapema hivyo, kabla hata ya paa. Nimewaambia wamlete tu. Yuko huko sasa, amefungwa, anakula majani ya nepia, na kisu hakijanolewa. Jumatatu tutaketi mbele yake sote, tuongee.

Asanteni. Sasa rudisheni hiyo spika juu, anayefuata ana sauti ndogo.